Koo la Taifa

Ipo nchi moja, sitaitaja, maana nikiitaja wenyewe watasema wamesingiziwa na majirani zao watasema wameibiwa sifa. Katika nchi hiyo umeme haukatiki. Naomba hili lieleweke mapema, tusije tukagombana njiani. Umeme wa nchi hiyo hupumzika. Unachoka kama mtu yeyote mfanyakazi, unajinyoosha kidogo asubuhi, mchana, jioni, wakati mwingine wiki nzima, halafu unarudi na afya tele. Anayesema umekatika hupelekwa mahali akapumzike na yeye.

Zamani, kabla mambo hayajanyooka, ulikuwa ukipumzika kwa sababu za kawaida tu: mitambo mibovu, nyaya kuukuu, na mkuu wa mitambo alikuwa shemeji ya mtu. Ikatokea jioni moja Mtukufu, kiongozi wa nchi, anapita mjini na msafara wake, na umeme ukarudi palepale. Si unawajua watu umeme unaporudi? Mji mzima ulilipuka, "Huoooo!" Watoto wakarukaruka, wanawake wakapiga vigelegele, wanaume waliokaa barazani wakajikuta wanapiga makofi. Mtukufu akateremsha kioo cha gari, akatoa mkono, akapunga. Machozi yalimlengalenga. Miaka yote aliyotawala hakuwahi kushangiliwa na watu ambao hawakuletwa kwa malori.

Nani angethubutu kumwambia? Kesho yake akamwita Waziri wa Nuru na Shukrani, Mheshimiwa Kibwagizo. "Wananchi wananipenda hivi," akasema, "mbona hamkuniambia?"

Waziri hakuwa mjinga, isipokuwa katika mambo ya umeme. Akajibu, "Tulitaka ujionee mwenyewe, Mtukufu."

Tangu siku hiyo wizara ikabaki na kazi moja, kuhakikisha umeme unarudi mara nyingi iwezekanavyo. Na kitu hakiwezi kurudi kama hakijaondoka. Juu ya nguzo za kila mtaa vikafungwa vipima-shangwe, vidude vyenye domo pana kama beseni, tena vya betri, kwa sababu hata wizara inajua mambo. Mtaa ulioshangilia sana ulihesabiwa kuwa unauthamini umeme, ukaharakishiwa. Mtaa ulionyamaza ulihesabiwa kuwa bado haujaukosa vya kutosha, ukaongezewa muda wa kuukosa. Haki bin haki.

*

Sasa, katika mtaa wa Fundi Saa alikaa mama mmoja, Bi Siwema, mtu mzima, mnene kidogo, mwenye koo ambalo Mungu alilitengeneza siku alipokuwa na nafasi. Hakuna arusi pale mtaani iliyohesabiwa imefungwa mpaka Siwema apige vigelegele. Akivipiga, mbuzi wa mtaa wa pili wanainua vichwa.

Mumewe, Mzee Kibwana, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha saruji. Kiwanda kilipomwachisha kazi, saruji haikumwachia. Mapafu yake yalikuwa yamebaki kidogo tu, na hospitali ikamwazima mashine ya oksijeni, ikae kando ya kitanda, imsukumie hewa puani kwa mpira. Mashine hiyo ilikula umeme. Umeme ukiwepo, Mzee Kibwana alikuwa mtu wa mzaha, anatania wapita njia kupitia dirishani. Umeme ukipumzika, alipumzika naye, ila kwake yeye kupumzika kulikuwa kubaya. Midomo ilibadilika rangi. Siwema alimwinua, akamwegemeza kifuani kwake, akamfungulia mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba ambao haukuwa na subira, akampepea kwa ungo huku roho yake iko mkononi.

"Vuta, Baba Havijawa. Vuta taratibu." Havijawa ni binti yao, ameolewa mbali.

"Navuta," mzee alikuwa akisema. "Tatizo... hakuna cha kuvuta."

Halafu umeme unarudi. Mashine inakohoa, inaanza kunguruma, kifua cha mzee kinapanda. Na Siwema, bila kufikiri, bila kupanga, anafungua koo lake na vigelegele vinamtoka kutoka unyayoni. Hakuwa anamshangilia Mtukufu. Mtukufu hakumjia akilini hata kwa bahati mbaya. Alikuwa anashangilia kwamba mume wake hajafa.

Lakini beseni la pale juu ya nguzo halikuwa na habari za mapafu ya mtu. Lilipima. Wizarani wakatazamana, wakasema, jamani, huku Fundi Saa kuna mwanamke ana uzalendo wa ajabu. Wakaja kwa magari mawili wakamvisha Nishani ya Koo la Taifa, daraja la kwanza. Ofisa aliyemvisha alimwambia kwa heshima zote, "Mama, tumesikia shangwe za nchi nzima. Zako ndizo pekee zina ukweli ndani yake."

Siwema akalia. Ofisa akafurahi zaidi.

*

Wazo la jenereta lililetwa na Mzee Kibwana mwenyewe, mchana mmoja baada ya pumziko refu lililomwacha amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani.

"Mama Havijawa," akasema, "ile akiba yangu ya mazishi ipo?"

"Mazishi ya nini tena? Ebu niondolee uchuro."

"Itumie kununua jenereta. Kuliko kunizika vizuri, bora usinizike."

Siwema akaingiwa na jakamoyo. Kununua jenereta katika nchi hiyo hakukatazwi, uhuru upo mpaka unamwagika. Ila mwenye jenereta amekwisha kusema, bila kufungua mdomo, kwamba haamini umeme utarudi. Kwa Mheshimiwa Kibwagizo, kweli, lilikuwepo dude linanguruma nyuma ya nyumba kila pumziko, kubwa kama lori. Wananchi walipouliza, serikali ilieleza vizuri kabisa kwamba lile si jenereta, ni paka wa Waziri, anakoroma. Wananchi wakaelewa. Wengine walimwonea huruma huyo paka.

Lakini hofu ya Siwema haikuwa serikali peke yake. Kabla jioni haijaingia, mjumbe wa nyumba kumi, Bwana Mdoe, alikuwa amekwisha kufika, amevaa ile kofia anayovaa akiwa na neno zito.

"Dada Siwema, nimesikia mnafikiria... kufuga paka."

"Tunafikiria tu, mjumbe."

"Fikirieni, fikirieni. Lakini tufikirieni na sisi. Mtaa huu unarudishiwa umeme mapema kwa sababu ya koo lako. Mimi nikishangilia beseni halisogei. Mke wangu hivyohivyo. Wewe ukiwa na jenereta, umeme ukirudi utajua saa ngapi? Utashangilia nini, na wewe unao?"

"Nitashangilia tu, mjumbe. Nitajikaza."

"Kwa uongo?" Bwana Mdoe akavua kofia. "Dada, hicho kidude kinajua. Mtaa wa Kinyozi walijaribu. Walilipa mwimbaji kabisa. Sasa hivi wanakula kwa mshumaa."

Baada yake akaja muuza samaki, akaja mwenye saluni, akaja mama mwenye watoto wa mitihani. Hakuna aliyemtukana. Wote walimsalimia mzee kwanza, wakamwombea afya, ndipo wakaomba asinunuliwe kitu ambacho kingempa hiyo afya. Siwema hakumlaumu hata mmoja. Alijua anachoombwa na alijua wanaomba kwa nini, na hilo ndilo lililomtesa. Jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Nunu, ndiye peke yake aliyekuja na neno tofauti.

"Shoga, nunua. Hao wote hakuna atakayelala kitandani kwako akiondoka mzee."

Siku kadhaa Siwema alikwenda huku na huku na wazo hilo. Alipika chakula kikaungua, alifua akasahau kusuuza. Mwisho wake mzee akazidiwa tena, safari hii macho yakageuka kabisa, na umeme uliporudi na vigelegele vikamtoka, Siwema alijikuta anavichukia vigelegele vyake mwenyewe. Akasema, liwalo na liwe. Akafunga kanga, akaenda kwenye Kamati ya Kuthibitisha Imani, maana kwa utaratibu wa nchi hiyo mtu hanunui jenereta mpaka aieleze Kamati sababu yake.

*

Kamati ilikaa katika chumba chenye baridi mpaka wajumbe walivaa masweta. Siku hiyo mji wote ulikuwa umepumzishwa. Nje ya dirisha paka wa Kamati alikuwa anakoroma.

"Karibu, Koo la Taifa!" Mwenyekiti akasimama. "Kwetu ni fahari. Sema shida yako."

"Naomba kibali cha jenereta, mheshimiwa. Mume wangu anaumwa."

"Pole sana. Umeme ukiwepo anaumwa?"

"Ukiwepo hajambo."

"Alhamdulillahi. Basi shida haipo."

"Shida ni usipokuwepo."

Wajumbe wakaacha kuandika. Mwenyekiti akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. "Usipokuwepo wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Na kwa majirani?"

"Na kwa majirani pia."

"Sasa mama, kitu kisipokuwepo kwako wala kwa majirani, utajuaje kama hakipo? Huna pa kulinganishia." Akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa kwa hekima yake. "Wengine huja hapa wakasema wanataka jenereta kwa sababu wanapenda kelele. Tunawapa. Wengine wanasema ni pambo la sebuleni. Tunawapa. Hatuna roho mbaya. Wewe unapenda kelele?"

Siwema alijua ameonyeshwa mlango wa kupitia. Ilibaki kusema ndiyo tu. Lakini alikuwa amechoka, na mchovu husema kweli bila kukusudia.

"Napenda mume wangu avute hewa," akasema.

Kisha Mwenyekiti, badala ya kukasirika, akatabasamu. Akamwinamia, akashusha sauti.

"Mama, usitumie akiba yako. Nakupa siri ya serikali. Siku ya Marejeo mwaka huu Mtukufu anakuja mtaani kwenu, kwa ajili yako. Na zawadi yako, mimi mwenyewe nimeiona, ni jenereta. Mpya. Ina utepe."

"Ati jenereta?"

"Kwa kuthamini imani yako kwamba huihitaji."

Siwema alirudi nyumbani hana hili wala lile. Hatanunua, hatawasaliti majirani, atapewa mbele ya watu wote, na nani atamlaumu mtu aliyepewa na Mtukufu? Alimweleza mume wake, na Mzee Kibwana akafikiri kwa muda mrefu kuliko hewa aliyokuwa nayo.

"Na mimi... nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka sherehe, Baba Havijawa. Si mbali."

"Haya," akasema mzee. "Mwambie Mtukufu... asiwe na maneno mengi."

*

Siku ya Marejeo ikafika. Umeme wa mtaa wa Fundi Saa ulipumzishwa alfajiri, ili urudi mbele ya macho ya Mtukufu. Wizara ilikuwa imepanga mambo vizuri. Hotuba ya Mtukufu ingeishia na neno moja, "Nuru!", na mhandisi aliyekaa kituo cha umeme nyuma ya soko, akilisikia neno hilo kwenye spika, angewasha. Siwema angepiga vigelegele, beseni lingepima, zawadi ingekabidhiwa. Mhandisi alipewa amri hiyo moja tu, asiwashe mpaka asikie Nuru.

Jukwaa liliwekwa mwisho wa barabara, na kutoka pale juu Siwema aliona mlango wa nyumba yake. Bi Nunu alibaki na mgonjwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba mtungi ukikaribia kuisha, Nunu atoke barazani na kanga nyekundu.

Jenereta ilikuwa palepale jukwaani, kando ya kiti cha Siwema, ina utepe wa njano kama bibi arusi. Tena ilikuwa inanguruma. Paka wa wizara alikuwa ameugua asubuhi hiyo, wakaona waiazime zawadi kidogo iendeshe maikrofoni na spika za Mtukufu.

Mtukufu akaanza. Akaeleza nchi ilivyokuwa gizani kabla hajazaliwa. Akaeleza alivyozaliwa. Akafika shule ya msingi. Jua likasogea, watu wakasogea nalo kufuata kivuli, askari wakawarudisha. Siwema hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa mlangoni kwake, na mkono wake ulikuwa juu ya jenereta, inavyotetemeka.

"...na hapo ndipo mwalimu wangu wa hesabu akaniambia," Mtukufu alikuwa anasema, "wewe kijana, wewe..."

Kanga nyekundu ikatokea barazani.

Siwema akamwinamia Mheshimiwa Kibwagizo. "Mheshimiwa, naomba zawadi yangu."

"Baada ya Nuru, mama."

"Mtungi umeisha. Mume wangu anakufa pale, nyumba ile, unaiona?"

Waziri akaitazama nyumba kwa adabu. "Mtukufu amebakiza ujana wake tu, na mafanikio. Hatachelewa."

Kule barazani Nunu sasa alikuwa anaruka na kanga yake. Siwema akasimama. Akainama, akazima jenereta, akachomoa waya wa spika, akaishika ile mashine yenye utepe kwa mikono miwili akainua. Ilikuwa nzito, lakini amewahi kuinua kizito zaidi, ameinua mtu asiyeweza kuvuta hewa.

"Ni yangu!" akamfokea askari aliyemsogelea. "Si mmesema wenyewe ni yangu?"

Askari akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Mtukufu. Mtukufu alikuwa bado anafumbua na kufumba mdomo mbele ya maikrofoni iliyokufa, hajajua kwamba hasikiki, ameinua kidole, amefika mahali patamu. Hakuna sauti iliyotoka.

Watu wa Fundi Saa wakatazama mdomo ule unavyocheza kimya. Mmoja akacheka. Halafu, sijui nani alianza, mtaa mzima ukalipuka, "Huoooooo!" Shangwe zile hazijawahi kusikika. Walipiga masufuria, walirushiana watoto. Muuza samaki na mwenye saluni wakaruka jukwaani, wakashika jenereta pembe hii na hii, wakakimbia nayo pamoja na Siwema. Juu ya nguzo mshale wa kipima-shangwe ulifika mwisho kabisa wa kipimo.

Mtukufu akafuta machozi. Akashuka jukwaani anapunga mkono.

*

Mzee Kibwana aliwahiwa. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu, lakini jenereta iliwaka, mashine ikakohoa, kifua kikapanda. Kwa hilo tumshukuru Mungu, kwa sababu mengine ni ya kusikitisha.

Neno Nuru halikusemwa. Mhandisi nyuma ya soko alisubiri kulisikia, ni mtu mtiifu, anasubiri mpaka leo. Na wizarani ilikuwa imeandikwa kwamba siku hiyo mtaa wa Fundi Saa ulishangilia kuliko mtaa wowote katika historia ya taifa, maana yake umeme ulirudi, tena ulirudi vizuri. Bwana Mdoe alipokwenda kulalamika alionyeshwa kipimo. "Mjumbe, umeme mnao. Mlishangilia nini kama hamnao?"

Mtaa ukabaki gizani, nyumba moja tu inanguruma. Siwema aliwaambia majirani walete simu zao wachaji, wakaleta. Lakini jenereta ni mnyama wa kulishwa petroli, na ikilishwa huzimwa kwanza, ipoe. Kila mchana, kwa muda huo mfupi, mashine ya mzee inanyamaza, na Siwema anasimama barazani na dumu mkononi, anasikia mume wake ndani anavyoitafuta hewa. Anamimina, anafunga, anavuta kamba. Ikiwaka, vigelegele vinamtoka. Havimwulizi.

Na beseni linapima. Kila mchana wizara ilipokea vigelegele vya kweli kabisa kutoka Fundi Saa. Redioni Mheshimiwa Kibwagizo alitaja mtaa huo kuwa mfano: umeme wao haujapumzika hata siku moja, na Koo la Taifa ni shahidi.

Bwana Mdoe akaja, safari hii hana kofia. Nyuma yake walikuwa muuza samaki, mwenye saluni, na mama wa watoto wa mitihani.

"Dada Siwema, nimeulizia kwa ndani. Kipima-shangwe kikinyamaza wiki nzima, wizara hutuma fundi aje kutazama kama kimeharibika. Fundi akija tutamwonyesha giza, kwa macho yake. Wiki moja tu, dada. Unyamaze wiki moja."

"Nitanyamaza," akasema Siwema. Na alikusudia. Watu hawa ndio waliobeba jenereta yake.

Mchana uliofuata alizima mashine. Majirani walikuwa wametoka vibarazani, wamesimama wanasubiri. Akamimina petroli, akafunga, akavuta kamba. Haikuwaka. Ndani mzee alikuwa anakoroma kwa shida, kisha hakukoroma. Akavuta tena. Haikuwaka. Akaita jina la Mungu, akavuta kwa mwili wote, ikanguruma. Akakimbilia ndani. Kifua kimelala, kimelala, kisha kikapanda. Vigelegele vikamjia kooni, akaukamata upindo wa kanga akaujaza mdomoni, akaung'ata kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka.

Mzee Kibwana hakufungua macho. Alipapasa shuka, mkono wake unatafuta.

"Mama Havijawa," akasema kwa sauti ndogo. "Mbona sisikii vigelegele? Nimekufa?"

Siwema akaushika ule mkono. Akautikisa, akaubana, akaupiga busu kwa juu ya kanga.

"Mama Havijawa?" Sauti ilikuwa na hofu sasa, na mzee huyu hakuwahi kuogopa mbele yake. "Upo? Nimekufa?"

Akautoa upindo wa kanga mdomoni.

Huko nje majirani walisikia. Bwana Mdoe akakaa chini barazani, wengine wakaingia majumbani mwao mmojammoja. Ndani Mzee Kibwana akafungua macho, akatabasamu, akavuta hewa ndefu. Juu ya nguzo mshale ulisogea, na wizarani wakaandika kwamba mtaa wa Fundi Saa una umeme, na wananchi wake wana furaha.